Miungu hula moshi, watu hula nyama

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Naongoza kikundi cha kusoma Biblia katika jumuiya yetu. Tumefika Matendo ya Mitume sura ya 14, pale Paulo anapomponya kiwete mjini Listra. Watu wanapaza sauti kwamba miungu imeshuka, wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani wa Zeu analeta ng'ombe na mataji ya maua. Wenzangu wameniuliza maswali nikakwama. Dini hiyo ya Wayunani ilikuwaje? Kitabu chao kitakatifu kilikuwa kipi? Waliviamini kweli visa vya Zeus, mzinzi na mgomvi kiasi kile? Na kwa nini Paulo akiwaandikia Wakorintho anahangaika sana na habari ya nyama?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako la mwisho ndilo linalofungua yale mengine, kwa hiyo naomba tuanzie huko, kwenye nyama. Nimefundisha historia ya kale kwa miaka mingi. Kila nilipoanza na Zeus na ukoo wake, wanafunzi waliandika majina wakayasahau. Nilipoanza na ng'ombe, walielewa.

Mgiriki wa kawaida wa karne ya 5 au ya 4 KK hakula nyama kila siku. Alishiba kwa shayiri au ngano, na pembeni kulikuwa na zeituni, maharagwe, vitunguu, jibini, tini, na samaki wakipatikana. Lugha yao ilipanga chakula kama yetu inavyokipanga: sitos ni kile cha kushibisha, kama ugali au wali, opson ni kitoweo. Samaki alihesabika kitoweo hasa, hata akapewa jina lililotokana na neno hilo, opsarion, na ndilo lililoandikwa katika Injili ya Yohana kwa wale samaki wawili wa mtoto. Samaki ulimnunua sokoni ukaenda kumpika, yakaisha. Lakini ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe kwa kawaida walichinjwa kwa utaratibu wa sadaka, mbele ya mungu fulani. Mtu wa kuchinja, mtu wa kukata nyama na kuiuza, na mtu wa kuipika, wote waliitwa kwa neno moja, mageiros. Hapo unaona jinsi bucha, jiko na madhabahu vilivyokuwa kitu kimoja.

Sadaka yenyewe ilikwenda hivi. Watu wanaoga, wanavaa nguo safi na mashada kichwani. Mnyama naye anapambwa kwa shada, na akiwa ng'ombe wa sherehe kubwa pembe zake hupakwa dhahabu. Wanakwenda kwa maandamano hadi madhabahuni, mbele kabisa msichana amebeba kikapu kichwani. Ndani ya kikapu mna shayiri, na chini ya shayiri kuna kisu. Madhabahu iko nje, uwanjani, kwa kawaida mbele ya hekalu upande wa mashariki. Hekalu si mahali pa kusanyiko kama kanisa au msikiti; ni nyumba ya sanamu ya mungu na hazina yake, na watu hubaki nje penye moshi. Wananawa mikono, wanamnyunyizia mnyama maji atikise kichwa kama anayekubali, wanarusha punje za shayiri, wanakata nywele chache za kichwa chake na kuzitupa motoni. Sala inasemwa kwa sauti. Kisha koo linakatwa, na wakati huohuo wanawake waliopo wanapaza sauti kali ya pamoja. Wagiriki waliiita ololuge. Litamke neno hilo mara mbili tatu kwa haraka, utasikia vigelegele.

Damu inakingwa na kumwagwa madhabahuni. Mnyama anapasuliwa. Mifupa ya mapaja inafungwa ndani ya mafuta na kuteketezwa pamoja na ubani na divai: hilo ndilo fungu la mungu, moshi na harufu yake vikipanda juu. Maini, moyo, mapafu na figo vinachomwa kwenye vijiti kama mishikaki, na wale walio karibu na shughuli wanavila palepale. Nyama iliyobaki inakatwa, inachemshwa katika masufuria makubwa na kugawiwa mafungu.

Wagiriki wenyewe waliona kwamba ugawaji huo una jambo la kushangaza, mungu kupata mifupa na binadamu kupata mnofu. Mshairi Hesiod, yapata mwaka 700 KK, alisimulia kwamba Prometheus, mmoja wa miungu wa kale, ndiye aliyemlaghai Zeus mahali paitwapo Mekone: aliificha nyama nzuri ndani ya tumbo la ng'ombe, na mifupa mitupu akaifunika kwa mafuta meupe yanayong'aa, kisha akamwambia achague. Zeus akachagua mafuta, na kwa hasira akawanyima watu moto, Prometheus akauiba. Napenda watu wakisome kisa hiki kama maelezo ya meza. Kinasema kwa nini mungu na mtu wanakula kwenye shughuli moja lakini hawali sawa. Mungu hafi, basi harufu inamtosha. Mtu anakufa, basi ana njaa.

Sasa kitabu chao. Hawakuwa nacho. Hawakuwa na maandiko matakatifu, wala kanuni ya imani, wala mwanzilishi, wala seminari ya makuhani. Walikuwa na Homer na Hesiod, mashairi ambayo kila mtoto aliyesoma aliyajua, na Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, anasema washairi hao wawili ndio waliowapangia Wagiriki nasaba za miungu, majina ya sifa, heshima na maumbo yao. Lakini hayo yalikuwa mashairi. Ungeweza kuyapinga hadharani na usifanywe kitu. Mshairi Xenophanes wa Kolophon aliyapinga waziwazi miaka zaidi ya mia moja kabla ya mwanafalsafa Socrates kushtakiwa: alisema Homer na Hesiod wameibambikia miungu kila la aibu, wizi, uzinzi na kudanganyana. Alisema pia kwamba Waethiopia huifanya miungu yao kuwa myeusi yenye pua bapa, na Wathrakia huifanya yenye macho ya buluu na nywele nyekundu, na kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu yenye sura ya ng'ombe na farasi. Aliishi hadi uzeeni akiimba mashairi yake mji hadi mji.

Nao makuhani walikuwa watu wa kawaida wenye zamu. Kuna ukuhani uliorithiwa katika ukoo, kama ule wa Athena Polias, yaani Athena mlinzi wa mji, kule Athens. Mwingine ulipatikana kwa kura ya bahati. Jiwe lililochongwa karne ya 5 KK kuhusu kuhani mwanamke wa Athena Nike, yaani Athena wa ushindi, limetuachia masharti ya kazi yake: atapewa drakma 50, sarafu za fedha, kwa mwaka, pamoja na miguu na ngozi za wanyama wa sadaka za umma. Ukitaka kuwaonyesha wenzako tofauti kati ya kuhani huyo na mchungaji au padri, waonyeshe jiwe hilo. Hakuhubiri, hakufundisha, hakusikiliza dhambi za mtu. Alijua ibada ya mungu mmoja mahali pamoja inavyotakiwa kufanywa, akaifanya, akapata miguu.

Je, waliviamini visa vya Zeus? Hapa nakuomba uitenge miungu ya visa na miungu ya madhabahu, maana sisi tunaijua ile ya kwanza peke yake. Zeus wa visa anageuka fahali na kumteka Europa. Zeus ambaye mkulima wa Attika, nchi inayouzunguka mji wa Athens, alimwomba ni mwingine kabisa kwa namna alivyomzoea. Kulikuwa na Zeus Herkeios, wa ua wa nyumba, mwenye madhabahu uani. Kulikuwa na Zeus Ktesios, mlinzi wa ghala, ambaye alama yake ilikuwa mtungi uliowekwa stoo. Kulikuwa na Zeus Meilichios, aliyechongwa kwenye mawe kama joka kubwa lililojikunja, aliyeombwa kwa ajili ya mali na kutuliza makosa. Hawa hawana visa vya mapenzi. Wana siku zao na sadaka zao, na wanapaswa kukumbukwa.

Tena kitenzi walichotumia kwa miungu kilikuwa nomizein, na kinatoka kwenye neno nomos, yaani desturi au sheria. Kinabeba maana ya kuitambua miungu na kuifuata kama ilivyo ada, zaidi ya kukiri moyoni. Sala zao pia zina sauti hiyo. Katika wimbo wa kwanza wa Iliadi, utenzi wa Homer, mzee Chryses, kuhani wa Apollo aliyenyang'anywa binti, anamkumbusha mungu wake: kama niliwahi kukuezekea hekalu la kukupendeza, kama niliwahi kukuchomea mapaja manono ya mafahali na mbuzi, nitimizie haja hii. Wengine wanaisoma sala hiyo kama biashara ya nipe nikupe. Mimi nasikia mtu aliye katika undugu wa kupeana, ambamo zawadi ya jana inampa haki ya kubisha hodi leo. Wagiriki waliuita uhusiano huo charis, hisani, na ndilo neno ambalo Paulo baadaye alilitumia kwa neema. Wasomee wenzako sala ya Chryses, halafu barua za Paulo, waone neno lile lilivyosafiri.

Hapa ndipo dini inapogeuka kuwa jamii, na ndipo penye utajiri wa swali lako. Hapakuwa na nchi moja iitwayo Ugiriki. Palikuwa na miji-dola zaidi ya 1,000, kuanzia pwani ya Hispania hadi Bahari Nyeusi, mingi yake midogo, kila mmoja na sheria zake, kalenda yake na ugomvi wake na jirani. Waathene walipoulizwa na Wasparta, wakati wa vita na Uajemi, kama wangewasaliti wenzao, Herodotus anawanukuu wakitaja yanayowaunganisha Wagiriki: damu moja, lugha moja, mahali patakatifu na sadaka za pamoja, na mila zinazofanana. Sadaka za pamoja zimo katika orodha, lakini imani ya pamoja haimo.

Ndani ya mji, nyama ndiyo iliyoonyesha nani ni nani. Chukua Panathenaia, sikukuu ya Athena kule Athens, iliyoangukia kati ya Julai na Agosti. Maandamano yalipanda hadi Akropoli, kilima cha mahekalu ya mji, na vazi jipya la mungu huyo, na ng'ombe wengi walichinjwa. Wachongaji wa Parthenon, hekalu lililojengwa kati ya 447 na 432 KK, walichonga msafara mrefu wa aina hiyo kwenye ukanda wa takriban mita 160 kulizunguka jengo. Sehemu kubwa ya mawe hayo iko London, British Museum, na nilikaa siku nzima mbele yake. Kuna jiwe moja la upande wa kusini ambalo sitalisahau: mtamba ameinua kichwa juu, kama analia, na kijana pembeni amejivuta nyuma kwa uzito wake wote akimzuia. Wengi katika msafara wametulia. Mtamba huyo anakataa.

Kuhusu ugawaji tuna amri iliyochongwa katika miaka ya 330 KK kwa ajili ya Panathenaia ya kila mwaka. Inataja mafungu ya nyama kwa idadi: wajumbe wa zamu wa baraza mafungu 5, wakuu 9 wa mji mafungu 3, watunza hazina ya mungu fungu 1, na wengine kwa cheo chao. Inayobaki inakwenda kwa raia wa Athens, kila kitongoji kwa hesabu ya watu wake waliokuwa kwenye maandamano. Hata ngozi ziliuzwa, na fedha zake zikaandikwa kwenye mawe ya mahesabu ya mji. Kwa Kigiriki fungu huitwa moira, na neno hilohilo ndilo lililomaanisha ajali ya mtu, yaani alichopangiwa maishani. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana nasi husema hili ndilo fungu langu.

Raia mwanamume, basi, alikuwa mtu mwenye fungu. Mtu aliyeteuliwa kuwa mmoja wa wakuu 9 aliulizwa kwanza wazazi wake ni nani na wa kitongoji gani, kisha kama ana Apollo wa mababu na Zeus wa ua, na madhabahu zao ziko wapi, kisha makaburi ya ukoo wake yako wapi, na kama anawatunza vizuri wazazi. Hakuulizwa anaamini nini juu ya Zeus. Waliotaka kujua kama ni mwenyeji wa kweli waliuliza madhabahu na makaburi.

Wageni wakaazi, waliofanya biashara na kazi za mikono Athens bila kuwa raia, walikuwemo katika maandamano hayohayo wakibeba masinia ya sadaka. Walionekana, na kazi waliyopewa iliwaambia mahali pao.

Wanawake hawakupiga kura wala kusimama baraza la raia, na mahakamani walisemewa na mwanamume wa nyumba. Lakini katika dini mji haukuweza kwenda bila wao. Walikuwa makuhani, wabeba vikapu, wafumaji wa vazi la Athena, na walikuwa na sikukuu zao ambazo mwanamume hakukanyaga. Kubwa ilikuwa Thesmophoria, ya Demeter, mungu wa nafaka, wakati wa kupanda mbegu mnamo Oktoba. Wake wa raia waliondoka majumbani siku tatu wakakaa pamoja vibandani, siku ya katikati wakifunga na kuketi chini. Vitoto vya nguruwe vilikuwa vimetupwa shimoni hapo kabla. Wanawake waliokuwa wamejitakasa walishuka, wakatoa mabaki yaliyooza na kuyaweka madhabahuni, na mtu akichanganya na mbegu zake aliamini atavuna vizuri. Mji uliowanyima wanawake sauti uliweka shamba lake mikononi mwao.

Na watumwa. Nisingependa wenzako waushangilie ustaarabu huu bila kuwaona. Walikuwa kila mahali, mashambani, karakanani, jikoni, na maelfu yao katika machimbo ya fedha ya Laurion, ambako walichimba kwa taa ndani ya mashimo membamba. Fedha ile ndiyo iliyosaidia kujenga merikebu za Athens. Mtumwa mpya alipoletwa nyumbani mara ya kwanza aliketishwa penye meko, akamwagiwa tini kavu na kokwa kichwani, kama bibi arusi anavyopokewa. Meko ni Hestia, mungu mwenyewe. Kwa tendo hilo aliingizwa katika nyumba, na kwa tendo hilohilo akawa mali ya nyumba. Nimelifikiria mara nyingi, na bado linaniuma jinsi ukarimu na utekaji ulivyokaa ndani ya ishara moja. Palikuwa na mlango mmoja uliokuwa wazi zaidi: ibada za siri za Demeter kule Eleusis, kilomita kama 20 kutoka Athens, ambako yeyote aliyejua Kigiriki na asiye na damu ya mtu mikononi aliweza kuingizwa, mwanamke au mtumwa pia. Waliahidiwa mema baada ya kifo.

Ukishaona hivyo utaelewa pia ni nani aliyeonekana kuwa hatari. Mwanafalsafa Empedocles wa Sicily, karne ya 5 KK, alifundisha kwamba roho huhama kutoka mwili hadi mwili, na hivyo baba anayechinja sadaka huenda anamchinja mwanawe aliyebadilika umbo. Mtu anayekataa nyama kwa hoja hiyo amejitoa kwenye meza ya mji wake. Na Socrates alipohukumiwa kifo Athens mwaka 399 KK, shitaka lilisema haitambui miungu ambayo mji unaitambua, analeta mambo mapya ya kiroho, na anawaharibu vijana. Kitenzi ni kilekile, nomizein. Mji ulikuwa umetoka kushindwa vita na kupitia utawala wa kikatili wa watu 30, wengine wao waliowahi kuwa karibu naye, na kosa hilo la kujitenga na desturi ya wote ndilo lililokuwa jepesi kubebeshwa mtu.

Sasa rudi kwa Wakorintho. Korintho ya Paulo ilikuwa mji wa Kirumi, uliojengwa upya mwaka 44 KK baada ya ule wa Kigiriki kuvunjwa mwaka 146 KK, lakini desturi ya sadaka ilikuwepo. Waliochimba magofu yake walikuta, penye eneo la Asklepios, mungu wa uponyaji, vyumba vitatu vya kulia vilivyojengwa karne ya 4 KK, kila kimoja na nafasi ya vitanda 11 vya kulalia wakati wa kula. Kula ndani ya eneo la mungu lilikuwa jambo la kawaida: rafiki amepona, amechinja, anakualika. Ndiyo maana Paulo anazungumza juu ya mtu kuonekana ameketi chakulani ndani ya hekalu la sanamu, kisha anawaruhusu kula cha sokoni bila kuulizauliza, kisha anazungumzia mwaliko wa nyumbani. Ni mahali patatu tofauti ambapo nyama ileile ilifika. Mkristo aliyeikataa yote alikataa karamu za ndugu, za chama chake cha kazi, na za mji wake. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu maskini ambaye nyama aliipata siku hizo tu.

Na Listra. Mji huo haukuwa Ugiriki. Uko katika Uturuki ya leo, na Luka anasema watu walipaza sauti kwa Kilikaonia, lugha yao. Lakini walikuwa wamewapokea Zeus na Hermes. Ovid, mshairi wa Kirumi aliyefariki miongo michache kabla ya safari ya Paulo, alisimulia kisa cha Frigia, jirani na hapo: miungu hao wawili walipita nyumba hadi nyumba katika umbo la wanadamu wakiomba mahali pa kulala, milango yote ikafungwa, isipokuwa kibanda cha mzee mmoja na mkewe. Waliofunga milango waligharikishwa. Ukiwa umekua ukisikia kisa kama hicho, halafu wageni wawili wakamsimamisha kiwete, huulizi maswali. Unakimbilia zizini.

Wakati Paulo na Barnaba wanararua mavazi yao na kuingia mbio katikati ya umati, ng'ombe walikuwa wameshafika malangoni, na mataji ya maua yakiwa tayari. Mji mzima ulikuwa umejipanga kuwapokea miungu wake na kula. Soma mstari wa 18 polepole pamoja na wenzako: Luka anasema hata baada ya maneno yale yote, waliwazuia watu kwa shida wasiwatolee sadaka.